Dawa ya Moto ni Moto: Virusi vya Kuvu na Kinga ya Mazao

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Kila msimu mkulima wa kahawa hupigana na adui asiyemwona kwa macho. Chulebuni hushambulia matunda yakiwa bado mabichi mtini, na kutu ya majani hupukutisha majani hata mbuni ukabaki uchi. Mkulima wa korosho naye hupambana na ubwiri unga unaokausha maua kabla hayajafunga tunda. Magonjwa yote hayo huletwa na kuvu. Silaha iliyozoeleka ni dawa ya kunyunyiza: dawa zenye shaba kwa mibuni, na unga wa salfa kwa mikorosho. Dawa hizo husaidia, lakini bei yake ni kubwa, mvua huziosha, na sharti zirudiwe mara kadhaa katika msimu mmoja. Mara nyingi gharama yake hukatwa katika malipo ya mkulima kabla hajashika senti moja mkononi.

Kwa sababu hiyo, habari yoyote ya njia nyingine hupokewa kwa shauku. Imesikika kwamba kuvu nazo huugua. Kwamba viko virusi vinavyoishambulia kuvu yenyewe. Na kwamba ugonjwa huo wa kuvu waweza kugeuzwa ukawa dawa ya mmea. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini ukweli wake una mipaka, na katika mipaka hiyo ndimo yalimo mafunzo makubwa kwa vyama vya msingi. Hotuba hii yaeleza jinsi jambo hilo lilivyogunduliwa, jinsi linavyofanya kazi, mahali lilipofaulu, mahali liliposhindwa, na lipi liwapasalo wanachama kulifanya hivi sasa.

Kuvu na virusi vyake

Kuvu si mnyama wala si mmea. Mwili wake ni nyuzi nyembamba mno, ambazo hupenya katika gome, jani au tunda na kujipatia chakula humo. Huzaliana kwa chembe ndogo ziitwazo spora, ambazo huchukuliwa na upepo, matone ya mvua, wadudu, na hata mikono na vyombo vya mkulima mwenyewe.

Kirusi ni kidogo zaidi ya kuvu kwa mbali sana. Hakiwezi kujilisha wala kuongezeka peke yake. Sharti kiingie katika seli ya kiumbe hai na kuitumikisha. Wanachama wanavijua virusi vya watu, kama kile cha surua. Wanavijua pia virusi vya mimea, kama vile viletavyo batobato ya muhogo. Vilivyo vigeni masikioni mwa wengi ni virusi vya kuvu.

Virusi hivyo vilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1962, na mtaalamu aitwaye Hollings, katika uyoga wa kulimwa. Wakulima wa uyoga walikuwa wakipata hasara: uyoga ulidumaa, mashina yake yakapinda, na mavuno yakapungua. Uyoga ni kuvu, na kwa aulimaye ugonjwa wa kuvu ni msiba. Lakini kwa mtu ambaye mti wake unaliwa na kuvu, ugonjwa huohuo waweza kuwa faraja. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.

Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba virusi vingi vya kuvu havionyeshi dhara lolote. Kuvu huishi navyo bila kudhoofika. Ni vichache tu vinavyopunguza ukali wa kuvu, na ni katika hivyo vichache ndimo wataalamu watafutamo dawa.

Mti ulioangamia

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa mchestinati. Huu ni mti mkubwa wa nchi zenye majira ya baridi. Mbao zake hudumu, na njugu zake huchomwa au kusagwa unga. Katika milima ya Italia, ya kusini mwa Ufaransa na ya kisiwa cha Corsica, unga huo ulikuwa chakula cha maskini kwa karne nyingi, hata Waitalia wakauita mti huo mti wa mkate. Katika milima ya mashariki mwa Marekani mchestinati wa huko ulikuwa miongoni mwa miti iliyoenea kuliko yote.

Mwaka 1904, Hermann Merkel, msimamizi wa miti katika bustani ya wanyama ya jijini New York, aliona michestinati ikinyauka. Gome lilikuwa na madonda, na juu yake vipele vya rangi ya machungwa. Mharibifu alikuwa kuvu ambayo leo wataalamu huiita Cryphonectria parasitica. Ilikuwa imeletwa kutoka Asia ya Mashariki pamoja na miche iliyonunuliwa kwa ajili ya bustani. Kwao Asia michestinati huivumilia kuvu hiyo, kwa kuwa imeishi nayo kwa muda mrefu. Mti wa Marekani haukuwa na kinga yoyote.

Kuvu hiyo huingia penye mpasuko wa gome, huua sehemu iliyo hai chini yake, na donda hupanuka mpaka likalizunguka shina. Hapo sehemu yote iliyo juu ya donda hufa. Mizizi hubaki hai na kuchipua, lakini machipukizi nayo hushambuliwa yakifikia unene fulani.

Watu hawakukaa kimya. Jimbo la Pennsylvania liliunda tume maalumu mwaka 1911 na kuitengea dola 275,000, fedha nyingi kwa wakati ule. Miti iliyougua ilikatwa na kuchomwa moto. Haikufaa kitu, tume ikavunjwa mwaka 1913. Spora zilikuwa zikienda na upepo, na miguuni mwa ndege na wadudu, upesi kuliko mashoka ya watu. Inakadiriwa kwamba kufikia katikati ya karne ya ishirini ilikuwa imekufa michestinati kati ya bilioni 3 na bilioni 4.

Madonda yaliyopona

Mwaka 1938 kuvu hiyo ilionekana Ulaya, karibu na mji wa Genoa nchini Italia. Wengi walitazamia kwamba yaliyoikuta Marekani yangeikuta Italia pia, na kwamba watu wa milimani wangepoteza chakula chao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Italia Antonio Biraghi alipita katika mashamba yaliyougua karibu na Genoa. Aliona jambo ambalo hakulitazamia. Baadhi ya miti ilikuwa na madonda, lakini haikufa. Donda lilikuwa limebaki juujuu ya gome, halikuzama ndani, na mti ulikuwa umeota gome jipya pembeni mwake. Kuvu ilikuwamo, ila haikuua.

Mtaalamu wa Ufaransa, Jean Grente, alichukua vipande vya gome kutoka katika madonda hayo na kuiotesha kuvu iliyokuwamo. Kwa kawaida kuvu ya mchestinati ikioteshwa huwa na rangi ya machungwa. Ile iliyotoka katika madonda yaliyopona ilikuwa nyeupe, na ilitoa spora chache. Grente akajaribu jambo moja zaidi: aliiweka kuvu nyeupe pembeni mwa donda lililosababishwa na kuvu kali. Donda likapona. Kuvu kali ilikuwa imegeuka kuwa dhaifu. Katikati ya miaka ya 1960 alitangaza kwamba udhaifu huo huambukizwa kutoka kuvu moja hadi nyingine.

Ni kitu gani kilichokuwa kikiambukizwa? Katika miaka ya 1970 wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani, walipata kutoka Ufaransa kuvu dhaifu za Grente. Mwaka 1977 walieleza kwamba ndani yake mlikuwa na kitu cha urithi kiitwacho RNA, cha namna ipatikanayo katika virusi, ambacho kuvu kali haikuwa nacho. Hatimaye, mwaka 1992, Choi na Nuss walithibitisha jambo hilo pasipo shaka: walikiingiza kitu hicho cha urithi peke yake katika kuvu iliyo kali, nayo ikadhoofika. Hivyo ikajulikana kwamba dawa ilikuwa kirusi.

Jinsi udhaifu unavyoambukizwa

Hapa inafaa wanachama wasikilize kwa makini, maana kufaulu na kushindwa kwa njia hii kumo katika jambo hili.

Virusi vingi vina ganda la kuvikinga viwapo nje ya seli. Kirusi cha kuvu ya mchestinati hakina ganda. Hakiwezi kukaa hewani, wala katika maji, wala juu ya jani. Kwa hiyo hakiwezi kutiwa katika pampu na kunyunyizwa kama dawa ya shaba. Kina njia mbili tu za kusafiri. Njia ya kwanza ni nyuzi: nyuzi za kuvu mbili zikikutana na kuungana, kirusi hupita kutoka moja hadi nyingine. Njia ya pili ni spora zile ambazo kuvu huzitoa bila kujamiiana. Lakini spora zizaliwazo kwa kujamiiana kwa kuvu mbili hazikibebi. Kila moja huanza maisha yake ikiwa nzima na kali.

Zaidi ya hayo, nyuzi haziungani ovyo. Kuvu hizo zina koo, na kwa kawaida kuvu huungana salama na ya ukoo wake. Nyuzi za koo mbili mbalimbali zikigusana, seli za mahali zilipogusana hufa, na kirusi mara nyingi hufa pamoja nazo kabla hakijavuka. Wataalamu wamegundua sehemu sita za urithi ambazo ndizo zinazoamua ukoo. Kutokana na hizo sita zaweza kupatikana koo 64.

Kwa hiyo mganga wa miti hana budi kuanza kwa uchunguzi. Hutwaa vipande vya magome, huiotesha kuvu, hutambua ni koo zipi zilizomo shambani, kisha hutayarisha kuvu dhaifu ya koo hizohizo. Hutoboa matundu madogo katika gome lililo hai kuzunguka donda, na kutia humo ujiji wa kuvu dhaifu. Taratibu donda huacha kuzama, na mti hujifunga gome jipya. Mambo yakienda vema, kuvu dhaifu huenea yenyewe kwa spora zake hadi kwenye madonda mengine ambayo hayakuguswa na mtu.

Tena kuna mizani ngumu. Kirusi kinachoidhoofisha kuvu kupita kiasi huinyima nguvu ya kutoa spora, na hivyo hujifungia njia. Aina moja ya kirusi iliyotoka Ufaransa ni kali sana kwa kuvu, lakini huenea kwa shida. Aina iliyozoeleka Italia ni ya upole zaidi, nayo ndiyo iliyoenea mbali katika Ulaya. Kinachofaa ni kile kinachoipunguza nguvu kuvu ya kutosha mti upate nafasi, na kuiachia ya kutosha iweze kukisafirisha.

Kwa nini palipona pamoja na pengine pakafa

Katika sehemu kubwa za Ulaya koo za kuvu zilikuwa chache. Kirusi kilipata njia pana ya kupita, na mashamba mengi ya michestinati yakaokoka, mengine kwa kutibiwa na mengine kwa kirusi kuenea chenyewe. Hata leo njugu hizo zinavunwa Italia, Ufaransa na Uswisi.

Katika Marekani njia hiyohiyo ilijaribiwa kwa miaka mingi, na kwa jumla haikuwa na mafanikio ya Ulaya. Sababu si moja. Mti wenyewe wa huko ni mwepesi zaidi kuugua. Lakini sababu kubwa ni kwamba koo za kuvu huko ni nyingi na kuvu hujamiiana mara kwa mara, hivyo kila mwaka huzaliwa kuvu kali za koo mpya, ambazo kirusi hakiwezi kuzifikia.

Mfano wake upo West Salem, katika jimbo la Wisconsin. Huko paliota shamba kubwa la michestinati, mbali na eneo la asili la mti huo, nalo likasalimika kwa miaka mingi. Ugonjwa ulionekana mwaka 1987, na kirusi kikaanza kutiwa mwaka 1992. Mwanzoni ulionekana ukoo mmoja tu wa kuvu, na matumaini yalikuwa makubwa. Baadaye zikagunduliwa koo nyingine, na kazi ikawa ngumu zaidi.

Wataalamu hawajakata tamaa. Mwaka 2016 watafiti wa Maryland walieleza kwamba wameibadili kuvu katika sehemu kadhaa zinazoamua ukoo, ili iweze kukigawa kirusi hata kwa kuvu zisizo za ukoo wake.

Hali ya mazao mengine

Jitihada haziishii katika miti ya baridi. Katika mji wa Wuhan nchini China, wataalamu walitangaza mwaka 2010 kirusi cha kuvu ambayo huozesha mashina ya mimea mingi, yakiwemo maharage, alizeti na zao moja la mafuta lililo jamaa ya kabichi na sukuma wiki. Kirusi hicho ni tofauti na kile cha mchestinati: kina ganda, na kinaweza kuiingia kuvu kutoka nje. Mwaka 2020 watafiti wa huko walieleza jambo la ajabu zaidi, kwamba kuvu yenye kirusi hicho huweza kuishi ndani ya zao hilo la mafuta bila kuliozesha, na hata kulisaidia kukua na kujikinga.

Kwa kahawa na korosho hali ni nyingine. Hakuna hivi sasa dawa ya virusi vya kuvu inayotumiwa mashambani dhidi ya chulebuni, kutu ya majani au ubwiri unga. Dawa iliyopatikana kwa kuvu ya mchestinati haihamishiki kwenye mbuni, kwani kila kuvu ina virusi vyake, koo zake na tabia zake. Kazi iliyofanyika Ulaya ilichukua miongo kadhaa, na kazi ya namna hiyo kwa mazao ya hapa itahitaji uchunguzi wake yenyewe.

Wajibu wa vyama vya msingi

Yapo mambo manne ambayo vyama havina sababu ya kungojea wataalamu ili viyatekeleze.

La kwanza ni tahadhari ya wauzaji. Habari njema huwavuta walaghai. Akija mtu ofisini na chupa akidai ni virusi vya kuua kuvu ya kahawa, katibu amwulize: ni kirusi cha kuvu gani, kimejaribiwa katika mashamba yapi, na hati ya usajili iko wapi? Asiye na majibu asipewe nafasi ya kuzungumza na wanachama, na taarifa ipelekwe kwa bwana shamba. Fedha ya chama isilipe kitu kisichosajiliwa.

La pili ni miche. Kuvu ya mchestinati ilifika Marekani kwa miche iliyopendeza macho, na hakuna aliyeikusudia mabaya. Chulebuni iligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Mwaka 1971 ilikuwa imekwisha onekana Ethiopia, nchi ya asili ya kahawa yenyewe. Magonjwa hayahitaji hati ya kusafiria. Mkulima anayevusha miche usiku kutoka wilaya nyingine kwa kuwa ni rahisi huenda analeta ugonjwa ambao haukuwapo. Hata kama ugonjwa upo tayari, huenda analeta ukoo mpya wa kuvu, na historia ya mchestinati yaonyesha kwamba wingi wa koo huweza kuifunga njia ya dawa ambayo bado haijagunduliwa. Dhara hilo halibaki shambani mwake; ni la wanachama wote. Kila chama kiwe na daftari la miche, liandikwe miche imetoka kitalu gani, lini, na imepandwa kwa nani.

La tatu ni kuutazama mti ambao haukufa. Tiba ya mchestinati haikuanzia katika chupa za maabara. Ilianza kwa mtu aliyetembea shambani akaona madonda yaliyopona, akauliza kwa nini. Mkulima anayeishi na mibuni yake kila siku ana nafasi ya kuona kuliko mtaalamu apitaye mara moja kwa mwaka. Akiona mti unaozaa vizuri katikati ya miti iliyougua, au donda lililojifunga lenyewe, asiukate. Autie alama na amweleze katibu, naye katibu aandike na kupeleka habari kwa bwana shamba na kituo cha utafiti.

La nne ni kutoacha kazi ya zamani kwa tamaa ya kazi mpya. Kupogoa ili hewa na jua viingie, kuondoa matunda yaliyougua, kunyunyiza kwa wakati unaoelekezwa, na kupanda aina zinazohimili magonjwa, hizo bado ndizo nguzo. Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985, na Tanzania nayo ina aina zake bora. Shamba moja likisafishwa na kumi yakaachwa, spora zitarudi kwa upepo wa kwanza.

Ndugu Wanachama, michestinati ya Genoa haikuokolewa na dawa ya gharama. Iliokoka kwa sababu koo za adui zilikuwa chache, na kwa sababu mtu mmoja aliutazama mti uliougua badala ya kuupita. Mambo hayo mawili, kuzuia ugonjwa mgeni usiingie na kuangalia kwa makini ule uliokwisha kuingia, yako katika uwezo wa kila chama, hata kile kilicho maskini kuliko vyote. Yafaa basi katika mkutano mkuu ujao kila chama kijadili daftari la miche, na kimchague mwanachama mmoja katika kila kitongoji wa kulitunza.